Mshahara Umekatwa, Bahasha Bado Iko Juu ya Friji

Ijumaa ya malipo unafungua karatasi ya mshahara, unakuta mstari mpya: dola 170 zimekwenda. Hukukopa kazini, hukukosa zamu. Meneja hana la kukueleza. Yeye kaletewa amri ya mahakama, katii. Maelezo yako nyumbani, juu ya friji, katika bahasha ulizozirundika bila kuzifungua.

Hapa Marekani, benki iliyokupa kadi ya mkopo haiwezi kuamka tu ikaugusa mshahara wako. Ukikaa kama miezi sita hulipi, inaliandika deni kuwa hasara, na mara nyingi inaliuza kwa bei ya kutupa kwa kampuni inayonunua madeni. Ndiyo maana barua huja na jina usilolijua, ukadhani ni matapeli. Kampuni hiyo ikikushtaki, unaletewa samansi yenye muda wa kujibu. Ohio ni siku 28. Ukinyamaza, mdai anapewa hukumu bila wewe kusikilizwa, na kwa hukumu hiyo ndipo anapoufikia mshahara.

Sheria ya shirikisho ya 1968 imeweka kikomo. Kwa wiki, mdai wa deni kama hili hachukui zaidi ya asilimia 25 ya kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima, na ni lazima akuachie dola 217.50, yaani mara 30 ya kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa. Anayebakiwa na 680 hukatwa hizo 170. Mwenye 250 hukatwa 32.50 tu. Upatu na pesa za kutuma nyumbani havimo katika hesabu. Mahakama haimjui shangazi yako wa Bukavu.

Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina hawakati mshahara kwa deni la kadi, ingawa pesa zikishaingia benki ni habari nyingine. Na popote ulipo, mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa makato ya deni moja. Likija la pili, kinga hiyo ya shirikisho haipo.

Kumpigia mdai simu na kumwahidi si kujibu samansi. Peleka jibu la maandishi mahakamani kabla ya tarehe, hata kama deni ni lako, na umtake aonyeshe hesabu zake. Kiingereza kikikushinda, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria na uombe mkalimani. Tafadhali, usimpe mtoto wa darasa la sita kazi hiyo.