Bahari Haina Kiingilio

Familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huanza kupanga likizo ya Pwani kwa kupigia hoteli simu. Hutajiwa bei ya usiku mmoja kwa mtu mmoja, wakaizidisha kwa watu wanne na siku tano, na safari ikaahirishwa mpaka mwaka mwingine. Huo nao ukifika, hesabu huwa ile ile. Wako vijana wanaomaliza kidato cha nne bila kuwahi kukanyaga mchanga wa bahari ya nchi yao. Jambo hili linanihuzunisha, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama inayowavunja moyo wazazi hutokana na mambo mawili wanayoweza kuyaamua wenyewe: watasafiri lini, na nani atapika.

Kati ya tarehe 20 Disemba na siku za mwanzo za Januari, Mombasa, Diani na Watamu hufurika watu, na kila kitu hupanda bei, kuanzia chumba hadi tuktuk. Pasaka ni vivyo hivyo kwa siku chache. Lakini miaka ya karibuni shule nyingi za Kenya zimekuwa zikifunga muhula wa tatu mapema, mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikianza. Hizo wiki za Novemba ndizo ningezipigania. Ni majira ya matlai: upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi haujashika, na bahari hutulia. Mvua za vuli zipo, ila huja kwa vipindi na kuacha nafasi ya jua. Agosti nayo inafaa kwa anayependa hali ya ubaridi kidogo, mradi ajue kwamba kusi huvuma kwa nguvu na kurundika majani ya bahari ufuoni. Aprili ikiishia na Mei yote, bei hushuka kuliko wakati wowote, lakini masika yanaweza kuwafungia watoto ndani siku tatu mfululizo.

Ukishapata mwezi, tafuta tarehe kwa kuutazama mwezi wa angani. Hapa ndipo wageni wengi kutoka bara hupoteza siku walizozilipia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika takriban mita 3. Siku hizo, katika mwambao wa Mombasa, maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kurudi kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Familia inayotoka kitandani, ikanywa chai na kushuka ufuoni saa nne hukuta bahari imekwenda mbali hadi kwenye miamba, na mbele yao ni mchanga, mwani na vidimbwi. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Bahari haiendi mbali, na maji hujaa asubuhi hiyo hiyo ambayo watoto wana nguvu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji jedwali lolote: tarehe mosi na tarehe 15 zinaashiria bamvua, tarehe 8 na 22 maji mafu. Kwa watoto wanaotaka kuogelea, chagua siku zinazozunguka maji mafu.

Bamvua nayo ina faida yake, na haigharimu shilingi. Maji yakipwa Diani au Watamu, tembea na watoto kuelekea kwenye miamba, kila mmoja amevaa viatu vya mpira. Katika vidimbwi mtakuta kaa wadogo, majongoo ya bahari yaliyolala kama soseji nyeusi, nyota za bahari, na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao viatu vimevaliwa kwa ajili yao. Mbele zaidi mtawaona wakazi wa vijiji vya jirani, wanawake kwa wanaume, wakiinama na fimbo kutafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba. Mkisalimia vizuri, mara nyingi watawaonyesha watoto jinsi shimo la pweza linavyotambulika. Geukeni kurudi maji yanapoanza kuingia, kwa maana hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu.

Safari yenyewe haihitaji maneno mengi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo hutumia shilingi 9,000 kwenda na kurudi. Daraja la kwanza ni shilingi 4,500 kwa mtu mzima, na hufika dakika ile ile. Viti huisha haraka msimu wa likizo, kwa hiyo kata tiketi mara tu mauzo ya tarehe zenu yanapofunguliwa. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya mji, basi weka kando pesa za usafiri wa kutoka hapo. Mnaoelekea Diani mna njia mbili. Mnaweza kuingia mjini, kuvuka Likoni kwa feri, ambayo mtu wa miguu halipi, kisha kupanda matatu ya Ukunda. Au, mkiwa kundi la kutosha kukodi gari, mnaweza kupita Dongo Kundu hadi Kwale bila kuiona feri.

Sasa jiko. Hoteli inayotoa milo yote huuza utulivu, na simlaumu anayeununua. Lakini familia yenye watoto hulipia pale chakula kingi isichokila. Diani, Kilifi, Watamu na Nyali kuna nyumba na vyumba vya kukodi vyenye jiko, na familia mbili zinazoelewana zikigawana nyumba ya vyumba vitatu, gharama ya kulala hupungua sana. Zamani mama ndiye aliyebeba mzigo wa mpango huu: alitoka jiko la Nairobi akaingia jiko la Ukunda, na hiyo haikuwa likizo yake. Kwa hiyo ajirini mpishi. Nyumba nyingi za kukodi zina mpishi anayefahamika na mwenye nyumba. Mpatane naye ujira wa siku kabla hajaanza, mlipeni inavyostahili, na mwachieni jiko.

Asubuhi muuza samaki hufika na baiskeli, kikapu kikiwa nyuma, samaki wamefunikwa kwa gunia bichi. Mpishi hamuulizi bei kwanza. Humfunua changu shavu kuona kama bado ni jekundu, humbonyeza ubavuni kwa kidole kuona kama nyama inarudi, na ndipo mazungumzo yanaanza. Nusu saa baadaye magamba yanarukia sakafu ya baraza, nazi inakunwa kwenye mbuzi, na mtoto aliyekuwa akisema hali samaki amekuja kusimama mlangoni kwa harufu ya kitunguu na bizari. Mchana ni wali wa nazi na mchuzi wa changu, jioni viazi vya karai na mishikaki ya barabarani, asubuhi mahamri na mbaazi. Mboga na matunda nunueni Ukunda, au Kongowea kama mko upande wa Nyali, maana dukani karibu na ufuo embe lile lile hugharimu zaidi.

Siku moja au mbili mtachoka na jua. Gazi, kusini mwa Diani, akina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na ada yake inabaki kijijini. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na wenyeji wenyewe ndio wanaowatembeza wageni. Walio Watamu wasikose magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Bebeni vitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu katika makumbusho na hifadhi za taifa raia hutozwa kidogo mno kuliko mgeni wa nje.

Kuna mahali nisipokubali kupunguza gharama. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima, kwa kuwa malaria iko Pwani, na mtoto wa nyanda za juu hana kinga nayo. Fukwe nyingi hazina waokoaji. Mtu mzima mmoja akae macho juu ya watoto, simu ikiwa mfukoni, na wenzake wampokee kwa zamu. Boya la kukodi ni la kuchezea, halimwokoi mtoto anayevutwa na mkondo.

Limebaki suala la njia. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki mchanga huo, na mtoto wa Githurai ana haki nao sawa na mgeni aliyelipia chumba kinachoutazama. Tatizo ni kuufikia, kwa sababu baadhi ya vijia vya umma kati ya viwanja vya watu vimebanwa kwa kuta hadi mgeni asivione. Kabla ya kulipia nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, mwombe mwenyewe akuonyeshe kwenye ramani kijia cha kushukia baharini, na umuulize kama hufungwa usiku. Akijikanyaga, tafuta nyumba nyingine. Na mkiwa tayari mko huko na mkakuta lango, waulizeni wavuvi wanakopita na samaki wao alfajiri.