Daraja la Rusumo lilivyowaleta majirani karibu

DARAJA jipya la Mto Kagera eneo la Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, limedhihirisha kuwa ujirani mwema huhitaji zaidi ya saruji na vyuma.

Miji midogo iliyo kwenye kingo mbili za mto huo yote huitwa Rusumo, kutokana na maporomoko ya maji yaliyo karibu. Mmoja uko wilayani Ngara, Tanzania, na wa pili wilayani Kirehe, Rwanda.

Kwa miaka mingi, wakazi walitegemea daraja jembamba ambalo malori hayangeweza kupishana juu yake. Ni daraja hilo ambalo takriban wakimbizi 250,000 walivuka kwa muda wa saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa vita na mauaji ya kimbari nchini Rwanda.

Daraja jipya la njia mbili, lenye urefu wa mita 80, lilijengwa kwa msaada wa Japan. Lilizinduliwa rasmi Aprili 6, 2016 na Rais Paul Kagame wa Rwanda na hayati John Magufuli, aliyekuwa Rais wa Tanzania wakati huo.

Pamoja nalo kulifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani. Hapo awali, msafiri alikaguliwa upande anaotoka, kisha akakaguliwa tena upande anaoingia. Sasa husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, ambako maafisa wa forodha na uhamiaji wa mataifa yote mawili huketi chini ya paa moja.

Manufaa hayo ni makubwa kwa Rwanda, ambayo haina bahari na hupitisha Rusumo shehena zake nyingi kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kila siku lori linapokwama mpakani, gharama huishia kwa mnunuzi.

Wafanyabiashara wadogo nao hunufaika na utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu bidhaa za kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani.

Hata hivyo, ushirikiano huo ulitikiswa mwaka wa 2020 wakati wa janga la korona. Rwanda iliagiza madereva wa kigeni wakabidhi malori kwa wenzao mpakani, hatua iliyozua malalamishi na msongamano. Daraja lilikuwa imara, lakini shughuli zilikwama hadi serikali hizo mbili zilipofanya mazungumzo.

Maporomoko yenyewe pia yamekuwa kiungo. Mradi wa umeme wa megawati 80 uliojengwa hapo ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja.

Kwa Kenya, iliyo na vituo kama hivyo Busia, Malaba, Namanga na Taveta, funzo la Rusumo ni bayana: barabara na majengo hufungua njia, lakini ni maelewano ya kila siku baina ya maafisa yanayoifanya ipitike.