"Moyo wa mwanangu utasimamishwa?" Dawa zinazoulinda wakati wa upasuaji

Daktari akikueleza kwamba mwanao mwenye tundu kwenye moyo atafanyiwa upasuaji, huenda akataja jambo moja linalomnyima mzazi usingizi: wakati wa kuziba tundu hilo, moyo utasimamishwa. Ni kweli. Katika operesheni nyingi za kufungua moyo, mashine huchukua kazi ya kusukuma damu na kuitia oksijeni, hivyo ubongo, figo na ini vinaendelea kupata damu. Kiungo kinachokosa ni moyo wenyewe.

Si kila mtoto hupitia hali hii. Mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa unaweza kufungwa moyo ukiwa unapiga, na baadhi ya matundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja. Muulize daktari mtoto wako yuko kundi gani.

Kalsiamu inafanya nini ndani ya moyo?

Tumezoea kuisikia kalsiamu ikitajwa pamoja na mifupa na meno. Lakini hata moyo hauwezi kupiga bila kalsiamu. Katika miaka ya 1880, daktari Sydney Ringer wa London alionyesha kwamba moyo wa chura ukiwekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, huacha kupiga.

Katika kila pigo, kalsiamu kidogo huingia ndani ya seli za misuli ya moyo na kuifungulia nyingine iliyohifadhiwa humo. Msuli hukaza, damu husukumwa. Kisha lazima kalsiamu hiyo iondolewe haraka ili msuli ulegee na moyo ujae damu tena. Moyo ukiwa umelegea, kalsiamu iliyo nje ya seli ni karibu mara 10,000 ya iliyo ndani. Ni kama mtumbwi unaovuja: hauzami maadamu yupo mtu anayekumba maji. Ndani ya seli, wakumbaji ni pampu ndogondogo, na chakula chao ni nishati inayotokana na oksijeni.

Damu ikikatika, nishati huisha na pampu huchoka. Asidi hujaa ndani ya seli. Seli ikijaribu kuitoa asidi, huingiza sodiamu. Ikijaribu kuitoa sodiamu, huingiza kalsiamu. Ajabu ni kwamba hatari huwa kubwa zaidi damu inaporudi, kwani hapo ndipo kalsiamu humiminika kwa kasi. Msuli hukaza usiweze kulegea, vinu vya nishati ndani ya seli huharibika, na seli hufa.

Mwaka 1972 madaktari wa Houston, Marekani, akiwemo Denton Cooley, waliieleza hali hii na kuiita "moyo wa jiwe". Kwetu moyo wa jiwe ni wa mtu asiye na huruma. Wao walimaanisha jiwe hasa: moyo uliokakamaa wakati wa upasuaji na usiweze kupiga tena.

Dawa zinazozuia

Daktari akishaubana mshipa mkuu wa damu, maji ya dawa yenye baridi ya karibu nyuzi joto 4 huingizwa kwenye mishipa inayoulisha moyo. Ndani yake mna potasiamu nyingi, inayoufanya moyo utulie ukiwa umelegea. Moyo uliotulia na kupoa hutumia nishati kidogo sana, kwa hiyo pampu zinabaki na akiba. Mna pia magnesiamu, inayoshindana na kalsiamu kwenye milango ya seli. Mchanganyiko mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, unaojulikana kwa jina la daktari Pedro del Nido, huongezewa lignokaini. Ndiyo ileile ya ganzi anayochomwa mtu anapong'olewa jino. Hapa kazi yake ni kufunga milango ya sodiamu, ili kalsiamu isipate njia ya kuingilia.

Mchanganyiko huo hutiwa damu kidogo, sehemu 1 ya damu kwa sehemu 4 za dawa. Hivyo kalsiamu haiondolewi yote, kwa sababu seli iliyonyimwa kabisa kalsiamu huumia vibaya inaporudishiwa.

Mshipa ukiachiwa, damu ya uvuguvugu huisafisha dawa na moyo huanza kupiga wenyewe, au hushtuliwa kidogo kwa umeme. Saa za mwanzo unaweza kupiga kwa udhaifu, ndiyo maana utamkuta mtoto katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na pampu kadhaa za dawa. Usishangae ukisikia anaongezewa kalsiamu. Damu ya kuongezewa huwa na dawa ya kuizuia isigande, ambayo hushika kalsiamu ya mwilini, na kufikia hapo seli zimeshapata nguvu ya kuitumia vizuri.

Je, nimpunguzie maziwa?

Hapana. Kalsiamu inayojaa ndani ya seli haitokani na maziwa wala dagaa, hivyo usimnyime mtoto. Na kama una mimba na kliniki imekupa vidonge vya kalsiamu, endelea navyo. Vinasaidia kuzuia kifafa cha mimba.

Dawa za presha za nyumbani

Amlodipini na nifedipini, wanazotumia bibi na babu wengi, hufunga milango ya kalsiamu kwenye mishipa ya damu. Kwa mtu mzima zinasaidia. Kwa mtoto mdogo, ambaye moyo wake bado una akiba ndogo ya kalsiamu ndani ya seli na hutegemea inayotoka nje, hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Ziweke juu, mahali panapofungwa, wala si chini ya mto wala kwenye mkoba. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali papo hapo hata kama anacheza vizuri, kwani baadhi ya vidonge hivi huchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha madhara. Usimtapishe, na nenda na pakiti ya dawa mkononi.