Waovu wa Michezo Wanapotoka Nje ya Kioo

Jioni moja katika mji wetu wa Muyinga, mama mmoja jirani yangu alinibishia hodi akaniomba nizungumze na mwanawe wa miaka sita. Kwa siku tatu mtoto huyo alikuwa amekataa kwenda chooni peke yake baada ya jua kutua, wala hakutaka kusema sababu. Kwa kuwa nilipata kusomea ualimu kabla ya kuajiriwa katika ofisi ya serikali, majirani hudhani kwamba kila tatizo la watoto lina jibu lake katika daftari zangu. Nilikwenda, tukaketi barazani, na baada ya mazungumzo mengi ya kando mtoto akanifunulia siri yake: yule mtu mwovu wa kwenye simu ya kaka anaweza kutoka. Nilipomuuliza atatokaje, alinijibu kwa yakini kwamba amemwona kwa macho yake mwenyewe akitoka.

Ndugu wasomaji, mtoto huyo hakusema uongo. Kaka yake, kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwa amemwonyesha vipande vya mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Level Up. Mchezo huo ulianza kwa filamu iliyoonyeshwa na stesheni ya Cartoon Network mwezi wa Novemba 2011, ukafuatwa na mfululizo wa vipindi kati ya mwaka 2012 na 2013. Hadithi yake ni ya vijana wa shule wanaopenda mno mchezo mmoja wa kompyuta. Bila kukusudia, wanawafungulia njia waovu wa mchezo huo, nao wanavuja kutoka katika mashine na kuingia katika mji wao, wakiwa na nguvu zao zote. Basi vijana hao hulazimika kushirikiana ili kuwarudisha walikotoka, huku watu wengine wa mjini hawana habari. Vipindi hivyo vimekwisha zamani, lakini siku hizi picha haizeeki: hupita kutoka simu hadi simu, na mtoto wa Muyinga huipokea kana kwamba imetengenezwa jana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1982 Wamarekani walitoa filamu ya TRON, ambamo mtu huvutwa na kuingizwa ndani ya kompyuta. Mwaka 1989 walianza vipindi vya katuni vya Captain N, juu ya kijana aliyemezwa na televisheni yake ili akapigane na waovu wa michezo. Katika filamu ya Pixels ya mwaka 2015, viumbe wa michezo ya zamani wanashuka kutoka mbinguni na kuishambulia dunia. Hata jirani zetu wa Kenya wanayo yao: mwaka 2021 vilianza kuonyeshwa vipindi vya katuni vya Super Sema, ambavyo mwigizaji Lupita Nyong'o alishiriki kuvitoa. Humo msichana wa Kiafrika anakilinda kijiji chake dhidi ya Tobor, roboti mwovu, kwa kutumia sayansi na ubunifu.

Wala tusijidai kwamba sisi wazee wao hatukutishwa. Wengi wetu tulilelewa kwa hadithi za zimwi, ambalo kwa Kirundi huitwa igisizimwe, lile dubwana lenye kumeza watu na ng'ombe wao. Lakini hadithi ile ilikuwa na bibi aliyeisimulia. Bibi alimwona mjukuu akitetemeka, akamvuta karibu, akapunguza sauti, na hakuruhusu mtu alale kabla ya zimwi kuuawa na waliomezwa kutolewa salama. Mtoto anayetazama simu peke yake chini ya blanketi hana bibi wa namna hiyo. Kipande alichokiona kikikatika katikati, zimwi linabaki hai.

Yafaa wazazi wajue kwamba akili ya mtoto mdogo haitenganishi picha na kitu chenyewe kama akili yetu sisi. Mwaka 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiongozwa na John Flavell, walichapisha uchunguzi uliokuwa rahisi kabisa. Waliwaonyesha watoto picha ya bakuli la bisi katika televisheni, kisha wakawauliza kama bisi zingemwagika endapo televisheni ingepinduliwa juu chini. Watoto wa miaka mitatu walielekea kusema kwamba zingemwagika. Watoto wa miaka minne walikuwa wamekwisha kufahamu kwamba ile ni picha tu. Walakini kufahamu mchana ni jambo moja, na kufahamu usiku, mbele ya mlango wa choo, ni jambo jingine. Mtoto wa miaka sita aweza kukujibu vizuri sana saa sita za mchana kwamba dubwana halipo, na saa mbili za usiku akatokwa na jasho.

Kwa hiyo nilimwomba baba wa mtoto, ambaye ni askari jeshi, aache kumwambia kwamba mwana wa askari haogopi. Maneno hayo hayaondoi hofu. Humfundisha mtoto kuificha tu. Tulimpa mtoto karatasi amchore yule mwovu, naye akamchora akiwa na pembe tatu. Kaka yake akamweleza kwamba mtu yule ni mwigizaji aliyevishwa nguo na kupakwa rangi, na kwamba moto ule umetiwa kwa kompyuta. Usiku wa kwanza mama alimsindikiza hadi mlangoni, usiku wa pili akasimama katikati ya ua, usiku wa tatu akabaki kizingitini na taa. Kabla juma halijaisha, mtoto alikuwa akienda peke yake, ijapokuwa mbio.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Haikuwa hivyo.

Yule kaka mkubwa hupenda michezo ya kupiga risasi. Baba yao ni mmoja wa askari wa Burundi waliotumwa Somalia katika majeshi ya Umoja wa Afrika, kazi ambayo nchi yetu iliianza mwezi wa Desemba 2007 na kuimaliza mwishoni mwa mwaka 2024. Tangu arudi, kila milio ya risasi ilipoanza kusikika katika simu ya kijana, baba aliinuka, akatoka nje, akasimama karibu na mgomba mpaka kimya kirudi. Nyumba nzima ilimdhania ana hasira. Mke alihisi amechukiwa, na kijana aliamini kwamba baba yake hampendi.

Siku moja alinieleza mwenyewe, tulipokuwa tukirudi sokoni. Hakuwa na hasira. Alisema kwamba katika mchezo wa mwanawe, anayeanguka huinuka mtu akibonyeza kidude, lakini yeye alimwacha kule mwenzake aliyeanguka wala hakuinuka. Kila asikiapo mlio ule, moyo wake huenda mbio, na mikono humtetemeka. Hakutaka watoto waione mikono hiyo. Nilimuuliza kama amepata kumwambia mwanawe. Akasema, Mwalimu, mambo hayo mtoto ataambiwaje?

Nilimshauri aseme machache, yale tu ambayo kijana anaweza kuyabeba, na pia aende kumwona daktari, maana hali hiyo inajulikana na ina matibabu. Alimwambia mwanawe jioni moja, kwa maneno yasiyofika kumi na mawili, kama nilivyosikia baadaye. Kijana hakuacha michezo yote, tusidanganyane. Lakini sasa hucheza mchezo wa mpira wa miguu, na baba anapokuwa nyumbani huzima sauti bila kuambiwa. Naye baba hatoki tena kwenda kusimama mgombani bila kusema neno. Mara nyingine humwita kijana wakasimame wote wawili.

Nisieleweke kwamba napinga michezo hii. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wakienda shule. Kwa muda wa miezi kumi na mitano walijifunza wenyewe, na wengi waliokuwa hawajui kusoma hata neno moja wakapata kusoma. Watengenezaji wa programu mbili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Kifaa ni kilekile. Kinachotofautiana ni kilichowekwa ndani yake na mtu aliye karibu na mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza miaka miwili haifai kuketishwa mbele ya kioo, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwaka huohuo shirika hilo liliingiza katika orodha ya maradhi hali ya mtu kushindwa kabisa kujizuia na michezo, akaacha masomo, kazi na usingizi, na kuendelea ijapokuwa anaona madhara. Aidha, michezo mingi inayouzwa Ulaya hubandikwa nambari 3, 7, 12, 16 au 18. Hiyo ni alama ya umri, si ya ugumu wa mchezo. Mzazi asiyejua Kifaransa wala Kiingereza aweza kuisoma nambari hiyo.

Familia za askari jeshi na polisi zina tabu yao ya pekee. Baba yuko zamu ya usiku, au yuko mbali kwa mwaka mzima. Mama yuko shambani au sokoni. Simu inaachwa iwe yaya. Kwa familia hizo nina maombi matatu. La kwanza, simu zote zilale chumbani kwa wazazi. La pili, mkubwa asimwonyeshe mdogo kitu ambacho hatakaa naye mpaka mwisho wake. La tatu, mara moja kwa juma, mzazi aketi na kutazama kile anachokitazama mwanawe, aulize ni nani huyu, na kwa nini ni mwovu.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tulijue zimwi la watoto wetu. Yule mdogo alinipa mchoro wake niutunze, kwa sharti kwamba usiku niufungie katika kabati. Naufungia mpaka leo.