Kitengela: Malisho Yaliyogawiwa Vipande

Msafiri atokaye Mombasa, akifika Mto Athi akashika njia ya kushoto iendayo Kajiado na Namanga, hukutana kwanza na Kitengela. Leo ni mji: sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000. Zamani palikuwa malisho ya Wamasai, na mvua zikinyesha nyumbu na punda milia walitoka mbuga ya Nairobi wakaja kula majani pamoja na ng'ombe.

Mwaka 1988 ardhi hiyo ya pamoja iligawanywa, kila mwanachama na sehemu yake. Wengi wakauza, seng'enge zikazagaa. Kuanzia 2000 baadhi ya wenyeji walilipwa ili wasizungushe ua. Lakini kiangazi kikiingia, mfugaji hubaki na swali: shamba ni langu, ng'ombe wapite wapi?