Rangi ya Chungwa Ilikuwamo Tangu Mwanzo

Msomaji wa Mombasa ameuliza swali ambalo wengi wanalo. Nywele zake ni nyeusi, akazipaka rangi ya kahawia iliyopoa, ile isiyo na wekundu, na siku aliyotoka saluni zilipendeza kweli. Baada ya wiki kadhaa za kuosha, kahawia ile imekuwa shaba, na akisimama juani ni chungwa kabisa. Je, ameuziwa rangi mbovu?

La. Huenda boksi lile halina kosa lolote. Chungwa analoliona halikutoka kwenye boksi, limetoka kwenye nywele zake mwenyewe, na lilikuwamo tangu zilipoota.

Habari za mizizi na sehemu za unywele nitaziruka, zimo katika kila kitabu cha biolojia. Twende moja kwa moja kwenye melanini, maana huko ndiko kwenye utamu.

Melanini ni chembechembe zinazoupa unywele rangi. Uzito wake hauzidi asilimia chache ya uzito wa unywele, lakini tazama inavyokula mwanga. Rangi nyingi za viumbe huchagua: klorofili hula mwanga mwekundu na wa buluu, kijani ikakiacha. Melanini haichagui hivyo. Hula mwanga wote, ila kwa mteremko: buluu huila sana, kijani kiasi, nyekundu kidogo kuliko zote. Ukiichorea grafu hutaona kilima wala bonde, ni mteremko mmoja tu kutoka urujuanimno hadi nyekundu. Mteremko huo ndio jibu la msomaji wetu.

Chukua birika la chai ya rangi iliyokolea. Ukifunua na kuchungulia ndani, chai ni nyeusi. Imimine kwenye glasi, inakuwa nyekundu. Ongeza maji ya moto, inakuwa rangi ya chungwa. Ongeza tena, unabaki na njano iliyofifia. Hakuna aliyetia wekundu humo, wala hakuna aliyetia chungwa. Majani ni yale yale. Kilichopungua ni wingi wa rangi katika njia ya mwanga. Chai nayo hula buluu kuliko nyekundu. Ikiwa nzito, mwanga wote unaishia humo. Ikipungua, wa kwanza kupenya ni mwekundu, kwa kuwa ndio unaoliwa kidogo. Ikizidi kupungua, kijani nacho kinapenya, kinachanganyika na nyekundu, na jicho linaona chungwa, kisha njano. Mtu akichukia wekundu wa chai yake, kuongeza maji hakumwondolei shida. Kutamfikisha kwenye njano tu. Ndivyo inavyompata anayekimbilia kupausha nywele mara ya pili ili kuondoa chungwa.

Kanuni yenyewe aliieleza Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1729: kila tabaka hupunguza mwanga unaolifikia kwa sehemu ile ile. Tuifanyie hesabu, kwa namba za mfano. Tuseme tabaka moja la melanini linapitisha nusu ya mwanga mwekundu, robo ya kijani na sehemu moja ya kumi ya buluu. Panga matabaka matano: nyekundu inabaki 1 kwa 32, kijani 1 kwa 1,024, buluu 1 kwa 100,000. Kwa jicho, huo ni weusi. Ondoa matatu, yabaki mawili: nyekundu 1 kwa 4, kijani 1 kwa 16, buluu 1 kwa 100. Wekundu umetawala. Libaki moja: nusu, robo na moja ya kumi, nalo ni chungwa. Libaki nusu tabaka: asilimia 71, 50 na 32, njano hafifu. Nyeusi, nyekundu, chungwa, njano: hiyo ndiyo ngazi ambayo kila fundi wa nywele ameikariri, na imetoka kwenye kuzidisha tu!

Ipo pia melanini ya pili, feomelanini, yenye wekundu wake yenyewe, na wengi huibebesha lawama yote. Ina mchango wake, lakini hata nywele ambazo karibu hazina feomelanini hupitia chungwa zinapopauka.

Sasa turudi kwenye boksi. Rangi ya kudumu huja katika vyombo viwili. Kimoja kina amonia na viini ambavyo bado havina rangi, kingine kina haidrojeni peroksaidi. Amonia hufungua magamba ya unywele, viini vinaingia, na peroksaidi inaviunganisha humo humo kuwa molekuli kubwa zisizotoka kirahisi. Eugène Schueller alianza kuwauzia watengeneza nywele wa Paris rangi za namna hii mwaka 1907. Lakini peroksaidi ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inajenga rangi mpya huku ikivunja melanini ya asili. Wiki za mwanzo rangi mpya inaficha pengo. Kila uoshapo inatoka kidogo, jua nalo linaifubaza, hadi melanini iliyopunguzwa inajitokeza: matabaka mawili palipokuwa na matano.

Dawa, basi, ni kuongeza kitu kitakachokula mwanga ambao melanini imeuachia. Buluu hula chungwa, zambarau hula njano, kijani hula nyekundu. Ndiyo sababu shampuu ya zambarau, inayowafaa wenye nywele za rangi ya dhahabu, haimsaidii sana mwenye kahawia. Yeye atafute ya buluu. Mafundi huiita dawa ya namna hii tona. Mimi napendekeza kizimarangi, kwa kufuata kizimamoto, kwa sababu kazi yake ni kuzima. Hairudishi mwanga wowote, inakula uliobaki. Kwa hiyo nywele zikipoa zitakuwa pia nyeusi kidogo, na yeyote anayekuahidi kuzipoza bila kuzitia weusi hata chembe anakuahidi kisichowezekana.

Unywele uliochakazwa na peroksaidi una chaji hasi nyingi zaidi, na rangi kadhaa za buluu za shampuu hizi zina chaji chanya. Buluu hung'ang'ania zaidi pale palipoharibika zaidi. Ncha kavu zinaweza kuinywa kupita kiasi, kwa hiyo anza katikati, ncha zije mwisho, na usizidishe dakika zilizoandikwa.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Chagua kahawia ya majivu, maana tayari ina buluu au kijani ndani yake. Osha kwa shampuu laini, na usioshe kila siku. Juani funika kichwa kwa mtandio au kofia. Kama maji yako ni ya kisima chenye chuma kingi, suuza mwishoni kwa maji ya mvua au yaliyochujwa, kwa kuwa chuma nacho huacha wekundu. Na jaribu rangi nyuma ya sikio saa 48 kabla: kiini kikuu cha rangi nyingi za kudumu, PPD, ndicho kilichomo katika piko inayowaunguza baadhi ya maharusi.

Lililo kubwa kuliko yote ni nguvu ya peroksaidi. Volyumu 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 40 ni asilimia 12, na kadiri inavyopanda ndivyo melanini inavyopungua. Fundi akikuonyesha kadi ya rangi, muulize volyumu kabla ya kuchagua jina. Kama hutaki nywele zenye rangi nyepesi sana kuliko zako, 40 haina kazi kichwani mwako, na hata akitaja 20, mwambie akueleze kwa nini 10 haitoshi.