Je, Wajua? Baiskeli na Maji Katika Chumba cha Kusafisha Damu

Je, wajua kwamba mgonjwa wa figo anayekunywa maji kwa kipimo hutumia lita 120 kila anapounganishwa na mashine? Kwa kawaida mashine ya kusafisha damu hupitisha mililita 500 za maji yenye dawa kila dakika, na kikao kimoja huchukua saa 4. Hayo ni madumu 6 ya lita 20, tena mara 3 kwa wiki. Maji hayo hayaingii tumboni: hupita upande wa pili wa utando mwembamba, yakibeba uchafu unaotoka kwenye damu.

Je, wajua kwamba maji mengine mengi humwagwa kabla hata ya kufika kwenye mashine? Maji ya bomba hupitishwa kwanza kwenye chujio la mkaa ili kuondoa klorini, kwa sababu ikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Kisha pampu huyasukuma kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi. Yanayopenya huenda kwa mgonjwa. Yanayobaki nyuma, ambayo mara nyingi ni mengi kama hayo au kuyazidi, huishia kwenye mtaro. Hayajagusa damu ya mtu. Kasoro yake ni chumvi iliyozidi kidogo.

Je, wajua kwamba kuna hospitali iliyoamua kutoyamwaga? Huko Geelong, Australia, katika miaka ya ukame mkali, timu ya daktari wa figo John Agar iliyakusanya maji hayo kwenye matangi. Yakatumika kuzalisha mvuke wa kutakasia vifaa, kusafishia vyoo vya wodi na kumwagilia bustani. Baadaye timu hiyo ilifunga paneli za sola ili kufidia umeme unaotumiwa na mashine.

Je, wajua kwamba kugusa kitufe tu kunaweza kuokoa maji? Daktari akiona inamfaa mgonjwa, kasi ya maji ya dawa hushushwa kutoka mililita 500 hadi 400 kwa dakika. Kikao cha saa 4 huokoa lita 24. Kwa mgonjwa mmoja anayekwenda mara 3 kwa wiki, hizo ni zaidi ya lita 3,700 kwa mwaka.

Je, wajua kwamba saa hizo 4 za kulala zinaweza kuwa saa za mazoezi? Katika vituo kadhaa vya Ulaya, pedali za baiskeli huwekwa miguuni pa kitanda na mgonjwa huzikanyaga huku damu ikisafishwa. Mkono wenye sindano hautikiswi. Mazoezi hufanywa zaidi katika saa 2 za mwanzo, kwani kadiri mashine inavyotoa maji mwilini ndivyo presha inavyoweza kushuka. Misuli ikifanya kazi, damu hutiririka zaidi ndani yake na kuchukua taka zilizojificha humo ili zikachujwe.

Je, wajua kwamba faida hiyo imepimwa? Mwaka 2021 watafiti wa Leicester, Uingereza, walionyesha kwamba miezi 6 ya kukanyaga pedali ilipunguza uzito uliozidi wa misuli ya moyo. Mwaka 2023 yakaja matokeo kutoka vituo 21 vya Ujerumani: baada ya miezi 12, waliofanya mazoezi waliweza kuinuka kitini na kukaa tena mara nyingi zaidi ndani ya sekunde 60, ilhali wenzao walirudi nyuma. Siku zao za kulazwa pia zilikuwa pungufu. Kila siku ya kulazwa inayoepukwa ni umeme, shuka za kufua, glovu na plastiki visivyotumika.

Je, wajua kwamba zoezi la bei nafuu kuliko yote ni la kiganja? Kabla ya kuanza matibabu, wagonjwa wengi huunganishiwa ateri na vena mkononi ili vena ipanuke na kustahimili sindano, njia iliyotangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966. Kidonda kikishapona, mgonjwa huambiwa aminye mpira mdogo mara kwa mara kila siku. Zoezi hilo halihitaji umeme wala tone la maji. Linachohitaji ni ruhusa ya daktari, kama mazoezi mengine yote ya mgonjwa wa figo.